Mashine Niliyoivisha Kinyume

Kosa litakalofichuka katika kurasa hizi ni la mtu kuzisikia kelele za mwenzake na kuwa kiziwi wa zake. Nalitaja mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta, na asije akadhani mkosaji ni mwingine. Mkosaji ni mimi. Nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimewahi kukaa msikitini baada ya sala ya alasiri nikazungumza juu ya haki za jirani, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilipoteleza, niliteleza katika somo lile lile.

Ninaishi Tibirinzi, mtaa wa Chake Chake huku Pemba, katika nyumba ya vyumba vitatu na mtu mmoja. Mke wangu alifariki miaka miwili kabla ya mambo haya. Mtoto wetu wa pekee yuko Maskati; hupiga simu kila Ijumaa, akaniuliza hali ya hewa ya huku nami nikamwuliza ya huko, mpaka mmoja wetu apate kisingizio cha kuaga. Alipoondoka aliniachia kompyuta ya mezani aliyokuwa akihariria picha za harusi za watu: sanduku kubwa jeusi, na ndani yake kadi ya grafiki, yaani kile kipande kinachochora picha kwenye kioo. Kadi hiyo ina feni mbili zake yenyewe, mbali na feni za sanduku. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika maswali ya mtihani, kuwa na mashine ile ni sawa na kukodi lori kwenda kununua kibiriti. Lakini ilikuwa ya mwanangu, na nilipoiwasha ilikuwa kama kwamba amenyanyuka kitini kwa muda tu. Hata samaki wa picha aliowaweka kwenye kioo, wale wa rangi wanaopita huku na huku bila kufika popote, sikuwaondoa. Vitu vinavyojongea katika nyumba yangu havikuwa vingi.

Sanduku lile lilikuwa na vazi. Msomaji wa kwetu hatashangaa. Hakuna kitu cha thamani kinachoachwa uchi katika nyumba zetu, kiwe redio, friji au televisheni. Mke wangu alilishonea vazi la kitambaa cheupe kizito, lenye paa na kuta tatu, na upande wa nne akauacha wazi, akaupinda kwa utepe wa kijani. Kwenye ukuta unaoukabili ule upande wa wazi alidarizi maua, waridi jekundu katikati na asumini pembeni. Sanduku lenyewe lilikaa mwisho wa meza, penye dirisha. Na kwa kuwa nyaya zilikuwa fupi, mwanangu alikuwa ameliweka mgongo wake ukielekea kwenye kiti changu na uso wake ukielekea dirishani. Baada ya matanga kwisha nilililoweka vazi lile, nikalifua kwa mikono yangu, nikalianika, na nilipolivisha tena nililigeuza ili maua yanielekee mimi niketipo. Sikuliona hilo kuwa tendo lenye uzito wowote. Nilitaka kuyatazama maua, basi.

Sasa nimtaje shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa mtoto. Anaishi Micheweni, kaskazini mwa kisiwa, na macho yake yamezimika kwa ugonjwa wa sukari. Siku moja nilipokwenda kumtazama alinikabidhi bunda la barua lililofungwa ndani ya kipande cha kanga. Zilikuwa za marehemu mumewe, alizomwandikia alipokuwa karani katika shamba la mkonge huko Tanga, wao wangali wapya katika ndoa.

“Nisomee,” aliniambia. “Nimezihifadhi miaka yote nikijua siku yoyote nikitaka nitazisoma. Sasa nataka, na macho hayataki.”

Nilifungua ya juu nikaanza. Nilipofika mstari wa pili alijifunika uso kwa mtandio.

“Basi, basi! Subhanallah. Haya yasomwe na mtoto niliyemwogesha mimi?”

“Wajukuu wakusomee?”

“Wajukuu watacheka. Wewe hutacheka, lakini nami siwezi kukaa mbele yako nikayasikia.” Alifikiri kidogo. “Yasome huko kwako, uyatie kwenye hicho kidude kidogo kinachoingia redioni, uniletee. Nitafunga mlango niyasikilize peke yangu. Hapo nitakuwa mimi na yeye.”

Nilirudi Chake na lile bunda mapajani, nikiwa na furaha kuliko ilivyonipasa. Wanafunzi wangu wana walimu wengine, na mwanangu ana maisha yake. Katika dunia yote alikuwa amebaki mtu mmoja mwenye haja na jambo ambalo hakuna wa kumtendea isipokuwa mimi.

Nilinunua kipaza sauti, nikasoma barua tatu, nikampa dereva wa gari ya Micheweni kadi ya memori. Siku ya pili shangazi alinipigia simu.

“Mwanangu, marehemu alikuwa karani wa mkonge au alikuwa anakaa ndani ya kinu cha kusaga?”

“Alikuwa karani, shangazi.”

“Basi mbona kuna kinu? Ananiita kutoka ndani ya kinu. Neno moja nalisikia, la pili linasagwa.”

Nilisikiliza mwenyewe kwa spika za masikioni. Ulikuwepo uvumi nyuma ya sauti yangu, mzito, usiokatika. Nilimtafuta mkosaji na sikwenda mbali. Upande wa pili wa kichochoro, hatua chache kutoka dirishani pangu, kuna mama mmoja anayeshona nguo barazani kwake kwa cherehani ya mota. Mume wake ni baharia, miezi mingi hayupo. Wakati wa msiba alikuja na wenzake, akapika, akaosha vyombo, na baadaye tukabaki kupeana salamu tu, mimi nikiwa mtu wa kufunga dirisha. Nilipotamka moyoni neno “kelele,” jibu lilikuwa tayari: cherehani.

Sikuwa mjinga kiasi cha kutojua kwamba kompyuta nayo ina sauti. Niliihesabu kuwa ndogo. Hata hivyo, kama mtu anayetimiza wajibu wake ili apate uhalali wa kuutaja wa mwenzake, nililizungushia sanduku mito miwili ya sufi, na juu yake, juu ya lile vazi, nikatandaza blanketi. Kisha nikafunga dirisha na kusoma upya barua zile tatu. Kelele zilizidi. Nikahitimisha kwamba yule mama ameongeza mwendo wa cherehani makusudi, nikazituma hivyo hivyo.

Safari hii shangazi hakufanya mzaha. “Mwanangu,” alisema, “nimekaa na mlango nimeufunga, nimejitia uturi kama mjinga, na sikumsikia. Nimesikia mashine. Jaribu mara moja nyingine. Ikiwa ni hivi hivi, nirudishie barua zangu. Heri nife nazo kimya kuliko kumsikia anasagwa.”

Maneno hayo nilikaa nayo jioni nzima. Kuzirudisha barua zile kulikuwa na maana moja tu kwangu, nayo ni kwamba hata jambo lile la mwisho nisingeliweza. Asubuhi yake, kabla ya kwenda shule, niliandika barua kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kumshitaki mwenye cherehani.

Ilikuwa barua nzuri. Nasema hivyo kwa huzuni. Ilikuwa na aya nne, hoja kwa mpangilio, na maneno kama “mlalamikaji,” “mlalamikiwa” na “utulivu wa makaazi.” Sheha alikuja nayo mkononi baada ya siku mbili, akaketi sebuleni, akaikunjua.

“Maalim, barua yako nimeisoma mara mbili. Kiswahili chake kizuri, natamani niitie fremu.”

“Nashukuru.”

“Lakini kuna neno nimelitafuta sikuliona. Mlalamikiwa nimemwona, kila mstari yumo. Jirani simwoni. Barua nzima, Maalim, neno jirani halimo.”

“Nimetumia lugha ya kisheria.”

“Ndiyo. Ila wewe huishi naye kisheria. Unaishi naye dirisha kwa dirisha.” Alisimama, akaivuta kanzu yake. “Si kitu. Nitasema naye. Lakini aliyetufunza haki za jirani msikitini ni wewe, mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili.”

Alivuka kichochoro. Dirisha langu lilikuwa limefungwa, lakini kioo chake kimoja kimevunjika, hivyo nilisikia kila kitu. Palikuwa na wanawake watatu wanne wanaosubiri kupimwa nguo za Idi.

“Maalim ana kazi ya kurekodi,” sheha alisema. “Anaomba utulivu.”

“Anarekodi nini? Kasida?”

“Hakusema.”

“Huyo anatafuta mchumba,” mmoja alidakia, “sasa anajifunza kuimba!” Wakacheka, na mwingine akasema, “Na sauti ile ya kuitia watoto mstarini, nani atamtaka?”

Mwenye cherehani hakucheka nao. “Mwambie baada ya alasiri mpaka magharibi ni wakati wake. Sitagusa mota. Asije akasema nimemharibia kasida yake.”

Siku hiyo hiyo, baada ya alasiri, cherehani ilinyamaza. Nilikaa mbele ya kipaza sauti kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi, nikasoma barua moja tangu salamu mpaka sahihi. Kisha nikavaa spika za masikioni nikasikiliza.

Kelele zilikuwepo. Hazikupungua hata chembe. Zilisikika zaidi, kwa sababu sasa hazikuwa na pa kujificha.

Nilivua zile spika na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliisikia nyumba yangu. Ilikuwa inanguruma. Nilisogeza sikio kwenye blanketi na uvumi ukanijia usoni pamoja na joto, kama la kinywa cha mgonjwa. Nilijua. Mtu mwenye heshima angevuka kichochoro wakati ule ule. Mimi nilikaa na elimu ile siku nne. Kila alasiri cherehani ilinyamaza kwa ajili yangu, na kila siku mara baada ya alfajiri niliisikia ikianza, mapema kuliko desturi yake, ikifidia saa nilizomnyang’anya. Nilijiambia kwamba kuiondoa barua kwa sheha kunahitaji barua nyingine, na kwamba barua hiyo inahitaji maneno mazuri. Ndivyo msomi anavyojificha. Asiyesoma husema “nimekosa” kwa sababu hana njia ndefu ya kupitia.

Siku ya tano yule mama alikuja mwenyewe, baada ya alasiri, akasimama nje ya dirisha langu.

“Hodi, Maalim.”

Nilifungua dirisha. “Karibu. Nikufungulie mlango?”

“Hapa hapa panatosha.” Mtu mwenye mume safarini haingii nyumba ya mwanamume asiye na mke, na mwenye nyumba mwenye adabu hamshurutishi. Alizishika nondo za dirisha. “Nimekuja kuomba nusu saa tu. Idi i mlangoni, nguo za watoto wa watu zimelala, na mama zao wananiuma. Nusu saa, kisha nakuachia kasida yako.”

Kabla sijajibu aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu nyuma yangu.

“Na hicho kinachonguruma ni kitu gani? Umeweka jenereta ndani?”

Hapo uongo ulikuwa karibu na ulimi wangu kuliko ukweli. Nilisema, “Ni kompyuta.”

Alichungulia. Sanduku lilikuwa hatua moja tu kutoka alipo, limezungukwa na mito ya sufi, limefunikwa blanketi gubigubi.

“Ya Rabbi! Mtu ana homa nawe umemlundikia blanketi? Litoe hilo.”

Nilitoa blanketi.

“Na mito.”

Nilitoa mito. Nilipomtazama niliona anatazama lile vazi, upande wake wa wazi uliokuwa umemwelekea.

“Nani aliyeligeuza?”

“Kugeuza nini?”

“Nguo. Maua yalikuwa yakitazama huku. Nguo hii naijua, Maalim, imeshonwa kwenye baraza yangu. Mwenzako alikuwa akija alasiri, wewe ukiwa msikitini. Mimi nashona, yeye anadarizi. Alinieleza kwamba ameweka mkono nyuma ya mashine akakuta upepo wa moto unatoka, kama wa mota yangu. Akasema, basi mdomo wa nguo uwe nyuma, mashine ipumulie huko.” Alikatiza, akatabasamu kidogo, tabasamu la kumtabasamia mtu asiyekuwepo. “Nikamwambia, sasa maua yatakuwa dirishani, mwenyewe atayaonaje? Akasema, ‘Yatakutazama wewe. Yule bwana haangalii maua.’”

Katika miaka yote ya ndoa yangu sikujua kwamba mke wangu alikuwa na baraza ya kwenda.

“Kisha siku moja,” aliendelea, “nikaona upande mtupu. Nikasema, Maalim hataki hata maua ya marehemu tuyaone. Nikaacha kuangalia huku.”

Nililivua vazi. Nyuma ya waridi, upande wa ndani, kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya chai kwa joto. Kwa miezi yote ile mashine ilikuwa ikitoa hewa ya moto, hewa inagonga ule ukuta wa darizi inarudi ndani, na kadri ilivyorudi ndivyo feni zilivyozidi kukimbia kuitoa tena. Nami, nilipoona inalalamika, niliiziba kwa mito. Nilikuwa nimemziba mdomo anayekosa pumzi, kisha nikamshitaki mtu mwingine kwa mayowe yake.

Sanduku lilipokuwa uchi, uvumi ulishuka wenyewe. Kulibaki sauti nyembamba ya kukwaruza, na nyingine ya kugonga, tik, tik, tik.

“Hiyo ya kukwaruza ni feni kavu,” alisema. “Zima. Chomoa na waya ukutani, usinitie matatani. Ngoja.”

Alivuka, akarudi na kikopo: brashi ndogo, bisibisi, na chupa ya mafuta ya cherehani yenye mdomo mrefu. Akavipitisha kati ya nondo kimoja kimoja. Yeye alibaki nje na mimi ndani. Macho yalikuwa yake na mikono yangu. Nilifungua ubavu wa sanduku. Vumbi lilikuwa limegandamana kwenye mbavu za chuma za ile kadi ya grafiki mpaka likawa kama kipande cha blanketi jingine.

“Izuie feni kwa kidole unapopiga brashi, isizunguke. Taratibu! Unapangusa au unafagia uwanja?”

“Napangusa.”

“Pangusa kama unapangusa jicho la mtoto.”

Ile ya kugonga ilikuwa ni waya mmoja uliolegea ukaguswa na panga la feni ya kadi kila lilipopita. Nilitaka kuufunga kwa kamba ya jikoni. Akanipa kipande cha utepe, kijani, cha bunda lile lile alilokatiwa mke wangu. Niliufunga waya ubavuni. Kisha nikabandua karatasi iliyoko katikati ya feni ya nyuma ya sanduku, ile iliyokauka.

“Tone moja.”

“Moja tu?”

“Ukitia mawili yatarushwa, yashike vumbi, na mwezi ujao utaniandikia tena kwa sheha.”

Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja barua. Niliinama juu ya feni kuliko kazi ilivyohitaji.

Tuliporejesha waya na kuwasha, mashine ilivuma kwa upole. Lakini yeye aliweka kiganja kwenye ukingo wa dirisha, akasema meza yangu inaitikia. Nikaweka changu juu ya mbao na kweli nilihisi mtetemo. Nilikata vipande vinne vya kandambili yangu iliyokatika mkanda, nikaviweka chini ya pembe za sanduku. Meza ikanyamaza. Tulisubiri. Baada ya muda mfupi, polepole, feni za kadi ya grafiki zikaanza kupanda tena, ingawa sikuwa nikifanya kazi yoyote.

Alinyoosha shingo kutazama kioo. “Na hao samaki wanakula nini?”

“Hawali kitu. Ni picha.”

“Kila kinachokwenda kinakula, Maalim.”

Nilisimama nikiwatazama. Ile kadi ilikuwa ikiwachora samaki wale, pezi kwa pezi, tangu alfajiri niwashapo mpaka nizimapo, mbele ya chumba ambacho mara nyingi hakikuwa na mtu. Niliingia kwenye mipangilio nikawaondoa, nikaweka rangi moja ya majivu. Haikuchukua muda. Mwanangu yuko Maskati, nilijiambia, hayumo humo ndani. Feni mbili za kadi zilipunguza mwendo, zikalegea, kisha zikasimama kabisa.

Nilisikia saa ya ukutani. Nilikuwa nikidhani betri yake imekufa zamani. Nilisikia bomba la uani likidondoka. Ukimya ulinijia kwa ghafla kiasi kwamba mkono wangu ulielekea kwenye kioo kuwarudisha samaki. Ndipo nilipojua ni kwa nini sikuwahi kuzisikia kelele zile. Masikio yangu ni mazima. Tangu alipofariki mke wangu nilikuwa nikiiwasha mashine kabla ya kuweka maji ya chai na kuizima nikienda kulala, iwe nina kazi au sina. Nilikuwa nimeupangisha uvumi katika nyumba yangu, na mtu hamsikii mpangaji anayemtegemea.

Yule mama alikuwa akikusanya vitu vyake kwenye kikopo. “Sasa nusu saa yangu, unanipa?”

“Chukua alasiri zote,” nilisema. “Nimekukosea. Niwie radhi.”

“Nimekuwia.” Aliinua chupa ya mafuta akaitazama kama bado ina mafuta. “Sheha je? Kuna watu wanasema barua yako ameionesha mpaka bandarini, kwa uzuri wake.”

Nilicheka. Ilikuwa sauti ngeni katika chumba kile, ikanishtua mwenyewe.

Alipoondoka nililivisha sanduku vazi lake kama lilivyoshonwa: mdomo nyuma, kunielekea mimi, na maua dirishani. Tangu siku hiyo niketipo mezani ninaloliona ni upindo wa kijani, fundo la nyaya, na alama ile ya rangi ya chai nikinyanyua kitambaa. Maua siyaoni. Nimelikubali hilo, si kwa moyo mweupe kila siku. Kuna alasiri ambazo mkono hunisihi niligeuze, nami huukataza.

Siku iliyofuata nilizisoma upya zile barua tatu za shangazi. Katika bunda lile nyingi ni za mambo madogo: amefika salama, ametuma viatu, amwambie kama vinabana. Lakini kila moja ina mstari wa mwisho, na mistari hiyo sitaiandika hapa, kwani niliaminiwa kwayo. Nilikuwa katikati ya barua ya kwanza ilipoanza cherehani upande wa pili wa kichochoro. Nilinyamaza. Ningeweza kusubiri apumzike, au kufunga dirisha. Nikakumbuka zile alfajiri nne, nikaendelea kusoma, na dirisha likabaki wazi. Niliposikiliza baadaye sauti yangu ilikuwa safi, kila neno limesimama peke yake, na mbali nyuma yake sindano ikienda na kutua, ikienda na kutua. Nilimpa dereva ile kadi ya memori kwa wasiwasi. Hii ilikuwa mara ya mwisho niliyopewa.

Shangazi hakupiga simu siku ya pili, wala ya tatu. Nililitoa bunda la barua kabatini nikalifunga vizuri katika kile kipande cha kanga, tayari kwa kurudishwa. Siku ya nne, nikisahihisha madaftari, simu ililia.

“Nimemsikia,” alisema.

Niliweka kalamu chini. Nilisikia pumzi zake.

“Nimeyasikia yote. Viatu vilibana, unajua? Sikumwambia. Nimelia, nimecheka, nimerudia. Niletee na zilizobaki.”

“Nitaleta, shangazi.”

“Ila kuna mtu anashona hapo nyuma.”

Niliinuka kitini. “Inakukera? Naweza kusoma saa nyingine.”

“Nani kasema inanikera? Mimi nilikuwa nakuhofia, mwanangu. Kila nikikupigia nasikia kile kinu nyuma yako, nikasema mtoto huyu anakaa peke yake na kinu. Sasa nasikia kuna mtu karibu.” Akashusha sauti, kama kwamba mwenye cherehani angeweza kumsikia toka Micheweni. “Ni nani huyo?”

Nilitazama nje. Yule mama alikuwa ameinamia kanzu ya mtoto, pini mdomoni, na maua ya mke wangu yalikuwa yakimtazama. Maneno yote niliyomwandikia sheha yalinipitia kichwani, yale yenye uzito na ya kisheria, na hakuna hata moja lililofaa. Basi nikamwambia shangazi neno lile lililokosekana katika barua yangu.

“Jirani.”